Ukiriseti swichi kabla ya kusoma logi, umefuta ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe jambo lililonikaa rohoni tangu masika. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, mwanamke, mkazi wa Nyakato hapa Mwanza, na huu ni mwaka wa 14 naifanya kazi hii. Kuna kijana amepoteza kazi kwa kosa ambalo hakulitenda. Ushahidi wa kumtetea ulikuwepo, uliandikwa na mtambo wenyewe, na tulioufuta ni sisi mafundi.

Kiwanda sitakitaja. Ni kimoja kati ya vile vya kuandaa minofu ya sangara kandokando ya ziwa. Kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mizani kuna kabati la chuma, na ndani yake swichi yenye matundu 48. Kwa msomaji asiyeijua, swichi ni kisanduku bapa ambamo waya zote za mtandao zinakutana: mzani unaopima kreti, mashine ya kutoa lebo, kamera za getini, kompyuta za ofisi, na vipima joto vya vyumba vya baridi vinavyotuma taarifa kila baada ya dakika tano kwenye kompyuta inayozihifadhi. Swichi ikilala, vyote hivyo vinakuwa bubu. Majokofu yanaendelea kugandisha, samaki hawaozi, ila hakuna anayeweza kumwonyesha mnunuzi kwamba usiku ule chumba kilikaa kwenye nyuzi ngapi. Sisi wa rika langu tunakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya kuvulia, na namna mji huu ulivyonywea. Kumbukumbu za joto zenye pengo la saa nne si kitu cha kupuuza huku kwetu.

Swichi ile ilianza kulala mwezi wa pili. Ililala usiku, ikagunduliwa saa 12 asubuhi zamu ilipoingia. Akaja fundi wa kampuni yenye mkataba, akachomoa waya wa umeme, akahesabu mpaka kumi, akachomeka. Taa zikarudi kijani, akasaini karatasi, akaondoka. Kwenye sehemu ya chanzo aliandika "umeme". Mwezi uliofuata ikalala mara mbili ndani ya wiki moja, naye safari hiyo akaandika "radi". Sikatai kwamba radi za usiku tunazo hapa ziwani, na mji uliokaa juu ya mwamba haukupi udongo wa kutosha wa kuzamishia nguzo ya ethi, ile inayopeleka umeme wa radi ardhini. Nimeshafungua swichi zilizopigwa radi nikakuta matundu yamekuwa meusi. Lakini swichi iliyoungua kwa radi haifufuki kwa kuchomolewa na kuchomekwa, na hilo fundi yeyote analijua.

Mara ya nne waliniita mimi, kwa kuwa fundi wao alikuwa Geita. Nilifika asubuhi nikamkuta meneja mlangoni, malori ya barafu yamepanga foleni mpaka barabarani, na watu kama thelathini wamesimama na makoti yao meupe na mabuti bila kazi. "Dada fundi, washa kwanza, maneno baadaye," akaniambia. Nikachomoa waya wa umeme, nikachomeka. Taa moja ya mbele ikawa inawaka na kuzima, haitulii. Nikachukua pini, nikaiingiza kwenye kile kitobo cha riseti, nikashikilia. Nilipitiliza sekunde kumi. Taa zote zikawaka kwa pamoja, zikazima, na swichi ikaanza upya kama imetoka dukani siku hiyo. Mpangilio wote wa kiwanda ukawa umekwenda: mtandao wa mizani uliotengwa na ule wa ofisi, anwani, majina ya matundu. Nakala ya mpangilio haikuwepo popote. Nilibaki pale mpaka saa 3 usiku nikifuata waya mmoja mmoja kwa kidole, kutoka ukutani mpaka kabatini. Walinilipa na kunishukuru. Shukrani zile sikuzistahili, na nitaeleza kwa nini.

Swichi ina daftari lake. Mafundi tunaliita logi. Humo inaandika tundu gani limekatika na limerudi saa ngapi, nani ameingia kubadilisha mpangilio, feni imefanya nini, joto limefika wapi. Kila mstari una saa yake na ngazi ya uzito, kuanzia 0 ambayo ni hatari kubwa kabisa mpaka 7 ambayo ni maelezo madogomadogo ya kitaalamu. Tatizo ni mahali daftari hilo linapokaa. Linakaa kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayoishi kwa umeme tu. Umeme ukitoka, daftari limekwenda. Tena ni dogo. Kwenye swichi ile nafasi yake ilikuwa baiti 4,096, yaani mistari kama hamsini. Ikijaa, mstari mpya unausukuma nje ule wa zamani. Kwa hiyo kuzima na kuwasha kunafuta habari za jana usiku, na kushikilia kitufe cha riseti kunafuta habari hizo pamoja na mpangilio mzima. Mwenzangu wa mkataba alikuwa amefuta mara tatu. Ya nne nikafuta mimi.

Sasa kijana. Alikuwa wa TEHAMA, zamu ya usiku, miaka 24, mtoto wa Sengerema. Baada ya mara ya nne uongozi ulianza kuuliza nani huwa yupo usiku. Walikuwa na vitu viwili mkononi. Daftari la mlinzi lilionyesha kijana aliingia chumba cha swichi saa 4:45 usiku. Kompyuta ya vipima joto ilionyesha taarifa ya mwisho kabla ya kimya ilifika 22:50. Saa 4:45 usiku ni 22:45. Wakahesabu: dakika tano baada ya yeye kuingia, mtandao umekufa. Logi ya swichi ya kulinganisha haikuwepo. Wiki hiyohiyo akapewa barua ya kuachishwa.

Mhariri, kompyuta ile ilikuwa imewekwa saa ya Greenwich. Sisi tuko saa tatu mbele. 22:50 yake ni saa 7:50 usiku kwetu. Kijana aliingia kuchukua chaja ya simu yake, akatoka, na mtandao ukaendelea kufanya kazi saa tatu nzima. Usiku ule hapakuwa na zamu ya kukata minofu, ndiyo maana hakuna aliyegundua kitu mpaka alfajiri. Nililiona hilo wiki mbili baadaye nilipoitwa kuunganisha printa. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa 5 asubuhi, na kwenye kona ya kioo cha kompyuta pameandikwa 08:00. Nilisimama nikiangalia namba zile mpaka chai ikapoa mkononi. Nikamwita meneja. Akaja, akaangalia ukutani, akaangalia kioo, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Sawa, dada. Lakini bado hatujui nani anaizima."

Nikamwomba anipe mwezi mmoja.

Safari hiyo sikuizima swichi wala kuibonyeza popote. Niliunganisha laptopu kwa waya wa konsoli, yaani waya wa kuongea na swichi moja kwa moja bila kupitia mtandao, nikaiambia laptopu iandike kwenye faili kila kitakachopita kwenye kioo. Nikanakili toleo la programu ya swichi, muda iliokaa tangu iwashwe, mpangilio wake, hali ya kila tundu na idadi ya makosa yaliyohesabiwa humo, hali ya joto na feni, na logi yenyewe. Swichi nyingi za ofisini zina amri moja inayotoa karibu yote hayo kwa mkupuo. Kazi nzima ilinichukua dakika sita. Nilizipima kwa saa ya simu, kwa sababu nilijua siku moja nitaambiwa hakuna muda.

Kilichonisikitisha kwanza ni tarehe. Swichi ile ilidhani tuko mwezi Machi 1993. Aina ile isipowekewa saa huanza kuhesabu kutoka 1 Machi 1993 kila inapowashwa, na hakuna fundi aliyewahi kuiwekea, hata mimi nilipoipanga upya sikuiwekea. Hata kama logi zote zingesalimika, zingetuambia habari za mwaka ambao kijana yule hajazaliwa. Nikaielekeza ichukue saa kutoka kwenye seva ya saa kwa itifaki ya NTP, yaani utaratibu ambao mashine hutumia kulinganisha saa zao mtandaoni, nikaweka saa za Afrika Mashariki, nikairekebisha na kompyuta ya vipima joto. Kisha nikaleta laptopu yangu ya zamani, ya kioo kilichopasuka, nikaiweka chini ya meza ya mizani ipokee logi. Swichi inapoandika mstari inautuma papo hapo kupitia mtandao kwenye laptopu hiyo, kwa hiyo hata ikizimika mistari inakuwa imeshahama. Nikahifadhi nakala ya mpangilio pembeni. Mwisho nikabandika karatasi kwenye kabati kwa herufi kubwa: USIZIME, USIRISETI, PIGA PICHA YA TAA, NIPIGIE. Na namba yangu chini.

Siku ya 16, saa 7 na nusu na ushee usiku, simu ikaita. Ni mzee mlinzi. "Mama, taa ya mbele imekuwa ya njano. Sijagusa." Nikachukua bodaboda. Nilipofika taa za matundu yote ya swichi zilikuwa zimezima, na chumba kina joto la jiko lililofunikwa. Kama ningekuwa na swichi peke yake, nikaizima na kuiwasha kama zamani, ningebaki tena na boksi lisilojua lolote. Laptopu ya kioo kilichopasuka ilikuwa bado inawaka. Nikapiga magoti sakafuni nikasoma. 01:12, joto limevuka kiwango cha onyo, ngazi ya 4. 01:31, joto limefika kiwango cha hatari, ngazi ya 2. Baada ya hapo mstari huohuo ukajirudia kila dakika chache, namba ya nyuzi ikipanda moja moja, mpaka 01:52. Hapo swichi iliyafunga matundu yake yote yenyewe ili isiungue. Hapakuwa na mstari wa mtu kuingia kwenye mpangilio, wala waya uliochomolewa.

Nikamulika mlango wa kabati kwa tochi. Mlango ule una wavu wa kupitishia hewa, na wavu wote ulikuwa mweusi, hauonyeshi upande wa pili. Nikapitisha kidole. Ulikuwa utando wa mbawa na miguu midogomidogo, laini kama majivu yaliyoloa, na chini ya utando wengine bado wanatikisika. Ni wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi hata mtu wa mbali akadhani kuna kisiwa kinaungua. Nje, juu kidogo ya tofali za hewa za chumba kile, kumefungwa taa kubwa ya ulinzi. Wanaifuata taa, wanapenya kwenye matundu ya tofali, feni ya kabati inawavuta. Saa chache tu wavu umeziba na joto halina pa kutokea.

Na kwa nini hakuna aliyewahi kuwaona? Kwa sababu kila siku saa 11 na nusu alfajiri mama wa usafi hupita na brashi na kitambaa. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa. Saa 12 wakubwa wanapoingia, wavu ni msafi na swichi imepoa. Fundi anazima, anawasha, inafanya kazi, naye anaandika "umeme".

Lilibaki swali la kwa nini si kila usiku. Jibu lake nililipata Jumapili nyumbani kwa mama yangu mzazi, Kirumba. Mama anauza dagaa pale soko la Mwaloni tangu mimi sijaanza shule. Ukutani kwake kuna kalenda anayoitia alama kwa kalamu ya wino mwekundu. Siku za giza anazizungushia duara, maana ndipo mitumbwi inapotoka na taa na mzigo unapatikana; siku za mbalamwezi anaziacha hivyohivyo, wavuvi wamepumzika. Nilikuwa na kikaratasi cha tarehe tano za kuzimika. Nikazifuata kwa kidole moja baada ya nyingine, na zote tano zikaangukia ndani ya maduara. Mama akaniuliza, "Kwani na ninyi huko mnavua?" Wataalamu wa ziwa walishaandika kwamba baadhi ya wadudu hawa, wale wa jamii ya Chaoborus, hutoka majini kwa kufuata mwezi, kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama. Usiku wa namna hiyo, upande ule wa ufukwe, taa ya kiwanda ndiyo mwanga mkubwa kuliko wote.

Marekebisho hayana hadithi ndefu. Taa imehamishiwa upande wa geti, tofali za hewa zimewekewa wavu laini, na kabati linapigwa brashi jioni pia. Gharama yote haikufika bei ya swichi mpya waliyokuwa karibu kuagiza. Swichi haijalala tena.

Nina maombi kwa wasimamizi wa viwanda, hospitali, vyuo na ofisi zote zenye kabati kama lile. Mkimpa fundi mkataba, mwandikieni humo kwamba kabla hajazima chochote akabidhi nakala ya logi, na karatasi yake isipokelewe ikiwa na neno moja tu kwenye sehemu ya chanzo. Mtengeeni kompyuta ya kupokea logi, hata iwe kuukuu kama yangu. Na siku mtandao umelala, msimamieni kwa dakika sita bila kumpigia kelele. Najua hilo la mwisho ndilo gumu. Mimi mwenyewe nilishindwa kwa sababu ya honi na macho ya watu, na wala siamini kwamba fundi aliyenitangulia alikuwa mvivu. Alikuwa anafanya kile anacholipwa kufanya, yaani kuzirudisha taa kijani.

Mafundi wenzangu, hasa mnaoanza, sisemi riseti ni haramu. Kuna swichi iliyoganda kabisa, konsoli haijibu, hapo huna njia. Lakini piga kwanza picha ya taa, kwa sababu taa nazo zinasema. Jaribu waya wa konsoli kabla ya kukata tamaa. Mara nyingi swichi isiyoonekana kwenye mtandao bado inaongea kupitia waya ule. Ukizima na kuwasha, usishikilie kitufe bila kujua sekunde ngapi zinafanya nini kwenye aina hiyo. Soma kitabu chake, kwa maana kubonyeza kidogo na kubonyeza kwa muda mrefu ni vitu viwili tofauti. Andika saa kwa namna isiyo na utata, pande zote mbili, saa zetu na saa za mashine. Na mkituma logi kwa muuzaji ili awasaidie, pitieni faili kwanza mtoe nywila, kwa sababu nakala ya mpangilio hubeba na siri za kiwanda.

Nilichapisha kila kitu, kurasa 11: mistari ya logi, picha za wavu, na jedwali la saa linaloonyesha 22:45 ya mlinzi na 22:50 ya kompyuta zikiwa zimegeuzwa zote kuwa saa za Afrika Mashariki. Nakala moja nilimkabidhi meneja mwezi wa sita. Alisema italetwa kwenye kikao. Nakala ya pili nilimpelekea kijana mwenyewe. Siku hizi anabeba magunia ya dagaa Mwaloni, si mbali na meza ya mama yangu. Alifuta mikono kwenye suruali, akakaa juu ya gunia, akafungua ukurasa wa jedwali, akausoma mara mbili. Aliniomba nimweleze tena hesabu ya zile saa tatu, polepole, ili aweze kumweleza baba yake.

Mpaka naandika barua hii hajaitwa. Barua ya kumwachisha bado iko kwenye faili lake, na kila anakoomba kazi wanapiga simu kiwandani kuuliza. Uongozi ule unasoma gazeti hili. Nimeliona mezani kwao. Naomba wakutane, wasome kurasa zile 11, waiandike upya barua yake. Niko tayari kufika kwenye kikao siku yoyote, na laptopu ile nitakuja nayo, mistari bado imo.

Fundi mitandao,
Nyakato, Mwanza
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)